Kitanda cha Pili

Kila Ijumaa ya tatu ya mwezi Machi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari kote Marekani huambiwa ni hospitali gani imewachukua kwa mafunzo ya ubingwa. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo kila mmoja huwa ameshapeleka orodha yake: fani anayoitaka, na hospitali moja baada ya nyingine kwa kadiri anavyozipenda. Orodha ikishafungwa haibadiliki, na jibu likitoka mtu hufungasha mizigo akaenda. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kwenye kingo za mto Mississippi mjini Minneapolis, siku za kufunga orodha huja wakati theluji bado imelala kandokando ya barabara, na watu hujifungia ndani kufikiri.

Tumfikirie msichana mmoja wa chuo hicho. Ni mtu wa kubuni, lakini wanaofanana naye hawakosekani. Wazazi wake walitoka Kenya wakaweka makao Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini mwa jiji ambako Wakenya ni wengi. Mama yake hufanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye mwenyewe, tangu siku aliyoingizwa chumba cha upasuaji akapewa kazi ya kushikilia kingo za jeraha ili daktari aone vizuri, hajavutiwa tena na fani nyingine. Ana miaka 26, ana mchumba, na anataka watoto. Upasuaji wa jumla ni miaka 5 ya mafunzo baada ya shule ya udaktari. Upasuaji wa ubongo ni miaka 7. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2003 zinamruhusu daktari aliye mafunzoni afanye kazi hadi saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, yaani ajira mbili za Mmarekani wa kawaida zikibebwa na mtu mmoja. Atakapomaliza atakuwa ameshavuka miaka 30, na miaka atakayoitoa kwa hospitali ni ile ile ambayo mwili umeitenga kwa uzazi.

Wazee wa kwetu wana jibu tayari: mshika mbili moja humponyoka. Rafiki zake Wamarekani nao wana lao: pima moyoni mwako, uone lipi lina uzito zaidi. Majibu haya yanaonekana kupingana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanamwona msichana huyu akiwa amesimama peke yake mbele ya vitu viwili vilivyotengana, ama akivikamata kwa mikono yake miwili, ama akivitia kwenye mizani yake. Nadai kwamba picha hiyo si ya kweli, na kwamba kosa lililomo ndani yake ndilo linalofanya swali liumize kuliko inavyopasa.

Ili mizani ifanye kazi, mambo matatu lazima yawepo. Vinavyopimwa viwe vimetengana, hiki sahani hii na kile sahani ile. Pawe na kipimo kimoja kinachovitosha vyote viwili. Na mpimaji abaki yule yule tangu anapoanza kupima hadi anapobeba alichokichagua. Kwa msichana wetu hakuna hata moja kati ya hayo matatu.

Tuanze na kutengana. Mmarekani akitaja maisha ya familia, mara nyingi huwa na picha ya mume au mke, watoto, na chakula cha jioni mezani. Kwa binti wa Brooklyn Park familia inaenda mbali zaidi ya meza hiyo. Yumo mama ambaye mgongo umechakaa kwa kunyanyua wazee wa watu. Yumo mdogo wake anayesoma Kisii, huko Kenya, kwa karo inayotumwa kutoka Minnesota. Wamo wajomba wanaopiga simu kila unapotokea msiba ili mchango uende kabla ya mazishi. Udaktari wake haukuwa wake peke yake tangu siku ya kwanza. Wahitimu wa udaktari wa Marekani waliosoma kwa mkopo huondoka na deni la takriban dola 200,000, na mshahara wa daktari bingwa wa upasuaji ndio ulipao deni kama hilo upesi na kumstaafisha mama kabla mgongo haujakatika. Basi familia iko kwenye sahani zote mbili. Akichagua upasuaji, anaihudumia familia iliyomlea na kuinyima ile atakayoizaa. Akichagua fani yenye saa nafuu, mambo yanageuka. Mtu hawezi kupima kitu dhidi ya chenyewe.

Kuhusu kipimo, kipo kimoja ambacho wengi hukitumia hata bila kukitaja: nikiondoka hapa, nani atakaa mahali pangu? Watu husema madaktari wako wengi, mama ni mmoja. Hoja hii ina nguvu kubwa Minneapolis. Kuna hospitali ya chuo kikuu, kuna hospitali ya kaunti ya Hennepin, kuna Regions upande wa Saint Paul, na ukiendesha gari kwenda kusini kwa muda usiofika saa mbili unafika Rochester, kwenye Mayo Clinic. Mpasuaji mmoja akikosa kufika, jina la mwingine linaandikwa ubaoni na mgonjwa anahudumiwa. Lakini katika fleti ya vyumba viwili ya mhamiaji, ambako bibi yuko Kisii na viza yake haijatoka, mtoto akiamka na homa usiku hakuna jina jingine la kuandika ubaoni.

Sasa uhamishe kipimo hicho hicho hadi kwetu. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama kwa gharama wanayoimudu, ikapendekeza nchi ziwe na angalau mabingwa 20 wa upasuaji, nusukaputi na uzazi kwa kila watu 100,000. Nchi zetu za Afrika Mashariki ziko mbali chini ya hapo, ingawa chuo cha wapasuaji cha COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, kimekuwa kikiwafundisha. Katika hospitali yenye mpasuaji mmoja, siku asipokuwepo, mgonjwa ambaye utumbo umejisokota hupakiwa kwenye gari kupelekwa mkoa mwingine, na utumbo haungoji. Huko mpasuaji ndiye asiye na badala. Ila nyumbani kwake, mtoto huoshwa na shangazi, hulishwa na bibi, hulazwa na binamu mkubwa, na jirani humkanya akikosea. Mama akiwa kazini pengo lipo, lakini nyumba haiwi tupu.

Kwa hiyo kipimo kile kile kinatoa majibu mawili yanayopingana. Minneapolis kinasema: nenda nyumbani, hospitali itapata mwingine. Kwetu kinasema: nenda hospitali, nyumbani yupo mwingine. Kipimo kinachogeuka namna hiyo kwa kuvuka bahari hakipimi thamani ya upasuaji, wala hakipimi thamani ya familia. Kinapima jinsi watu walivyopangwa kumzunguka yule anayechagua. Hapa ndipo swali linapoanza kuhama kutoka moyoni mwa msichana na kutua mahali linapostahili.

Jambo la tatu ni mpimaji mwenyewe. Mwanafalsafa wa Marekani L. A. Paul, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu mang'amuzi yanayombadili mtu, anatoa hoja kwamba kumpata mtoto wa kwanza hukubadili kiasi kwamba huwezi kujua kabla yake kutakuwa na thamani gani kwako, kwa sababu atakayeiona thamani hiyo ni mtu ambaye bado hujawa. Nadhani mafunzo ya upasuaji nayo ni ya aina hiyo. Miaka mitano ya kufungua miili ya watu, ya kutangaza vifo kwa jamaa waliosimama koridoni, ya kuusikia mshipa wa damu ukipiga chini ya kidole, humtoa mtu mwingine upande wa pili. Msichana anayepima leo hatakuwepo kuishi na matokeo ya kipimo chake. Paul anapendekeza kwamba katika hali kama hiyo tunaweza kuchagua kwa ajili ya ugunduzi wenyewe, tujue tutakuwa nani. Ni jibu zuri kwa mtu ambaye ugunduzi wake unamgharimu yeye tu. Aliye ndani ya familia hugundua kwa gharama ya wengine pia, na wengine hao hawakuingia katika hesabu.

Mizani ikianguka, hatubaki mikono mitupu. Tunabaki na swali lililokuwa limefichwa nyuma yake: nani analipa?

Fani ya upasuaji imekuwa na desturi ndefu ya kutouliza swali hilo. Mfumo wa mafunzo unaotumika leo ulipata umbo lake katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889, chini ya William Halsted. Vijana wake waliishi ndani ya hospitali, walitarajiwa wasiwe na wake, na hakuna aliyeahidiwa tarehe ya kumaliza. Halsted mwenyewe aliubeba mzigo wa uraibu wa kokeini, kisha mofini, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ulikuwa mfumo uliotengenezwa kwa mtu asiye na pa kurudi usiku. Baadaye madaktari wakaanza kuoa, lakini saa za kazi zilibaki vile vile. Kilichoongezeka ni mtu mmoja wa kuzibeba akiwa nyumbani. Ukitazama wapasuaji wakubwa waliopitia jimbo la Minnesota unakuta jambo la kuvutia. Charles Mayo wa Rochester alioa muuguzi. Walton Lillehei wa Minneapolis alioa muuguzi. Christiaan Barnard, aliyetoka Afrika Kusini kuja kusoma Minneapolis kati ya mwaka 1956 na 1958, naye alikuwa ameoa muuguzi. Sina haja ya kudai kwamba ndoa hizo zilikuwa za hesabu. Lakini wanawake hao waliijua kazi kabla ya kuolewa nayo, na saa walizozishika nyumbani ndizo zilizowawezesha waume kuzishika saa za hospitali. Vitabu vya historia ya tiba vinawataja wanaume kwa sura nzima na wanawake kwa mstari.

Hata hivyo ni mji huo huo wa Minneapolis uliowahi kumweka mlipaji hadharani, mbele ya taa za chumba cha upasuaji, ambapo hapakuwa na namna ya kujifanya kwamba hayupo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kasoro nyingi za moyo za watoto zilikuwa hukumu ya kifo. Ili kuziba tundu ndani ya moyo ilibidi moyo uachwe bila damu kwa dakika kadhaa, na ubongo hauvumilii hivyo. Mwaka 1952 John Lewis, pamoja na Lillehei na wenzao, walifanikiwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota kwa kuupoza mwili wa mtoto wa miaka mitano, lakini njia hiyo iliwapa muda mfupi mno kwa kasoro kubwa. Ndipo Lillehei na vijana wake wakauchukua mfano wa mimba. Mtoto aliye tumboni hapumui. Mama humpumulia kupitia kondo la nyuma. Je, mzazi asingeweza kumpumulia mtoto mara ya pili?

Tarehe 26 Machi 1954 vitanda viwili viliwekwa sambamba. Kwenye cha kwanza alilala mtoto wa kiume mwenye umri wa mwaka mmoja na mwezi mmoja, mwenye tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo. Kwenye cha pili alilala baba yake, amepewa nusukaputi, mshipa wa paja ukiwa umefunguliwa. Pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya viwanda ilivuta damu ya mtoto ikaipeleka mwilini mwa baba, mapafu ya baba yakaitia oksijeni, na ikarudi kwa mtoto. Kwa takriban dakika 19 moyo na mapafu ya mtu mmoja vilitosha watu wawili, na Lillehei akaziba tundu. Mtoto yule aliamka, lakini baada ya siku 11 alifariki kwa nimonia. Waliendelea. Kufikia mwaka 1955 wagonjwa 45 walikuwa wamepasuliwa kwa njia hiyo, na 28 walirudi nyumbani wakiwa hai. Hakuna mzazi wala mchangiaji aliyekufa, ingawa mama mmoja aliumia ubongo na hakupona tena. Wapinzani walisema huu ni upasuaji wa kwanza katika historia unaoweza kuua asilimia mia mbili.

Kila upasuaji una kitanda cha pili. Ule wa mwaka 1954 ulikionyesha tu. Daktari anaposimama saa kumi na moja alfajiri akinawa mikono hadi kwenye viwiko, mahali fulani yupo mtu aliyeamka badala yake kumvalisha mtoto koti la baridi, au anayemngoja mkwe afike, au anayelala peke yake kwa usiku wa nne. Saa ya daktari hupita kwanza mwilini mwa mtu huyo kabla ya kumfikia mgonjwa. Tofauti ni kwamba mrija hauonekani.

Ukiutazama upasuaji ule kwa jicho hilo, unaona kwamba ulizingatia mambo ambayo nyumba nyingi za madaktari hazizingatii. Baba alijua anachokiingia. Aliombwa, na angeweza kukataa. Alikuwa na madaktari wake waliomwangalia yeye, mbali na wale waliomwangalia mtoto, kwa sababu walikubali kwamba naye ni mtu aliye hatarini. Na aliunganishwa kwa dakika zilizohesabiwa, kisha akafunguliwa. Linganisha na ahadi ya kawaida ya mchumba kwa mchumba: vumilia kidogo tu, nikimaliza mafunzo mambo yatatulia. Mafunzo yakiisha huja mwaka wa ubobezi, ubobezi ukiisha huja kujenga jina, jina likijengeka huja ukuu wa idara. Aliyelala kitanda cha pili hakuambiwa atafunguliwa lini. Mara nyingi hakuambiwa hata kwamba amelala.

Halafu kuna jambo lililofuata, ambalo naliona kubwa kuliko yote. Mwaka 1955 kijana aliyeitwa Richard DeWall, akifanya kazi na Lillehei, alitengeneza kifaa cha mirija ya plastiki kilichotia oksijeni kwenye damu kwa viputo na kisha kuviondoa viputo hivyo. Kilikuwa rahisi kukitengeneza, na mara moja mzazi hakuhitajika tena kitandani. Tazama walivyofanya. Hawakuandika tenzi za kumsifu baba aliyejitoa, wakaendelea kuwalaza akina baba wengine miaka hamsini. Waliuona ule ukarimu kuwa ni deni juu ya akili zao, wakakimbilia kuufanya usihitajike.

Sisi hufanya kinyume. Tunamwimbia mama aliyejinyima hadi wimbo unashika nafasi ya msaada. Marekani nayo, kwa namna yake, imechelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Surgery ulikuta asilimia 42 ya wapasuaji wanawake walioulizwa waliwahi kuharibikiwa mimba, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha wanawake wengine nchini humo. Ilikuwa mwaka 2022 ndipo chombo kinachosimamia mafunzo ya ubingwa kilipolazimisha kila programu impe daktari angalau mara moja wiki 6 za likizo yenye malipo kwa ajili ya uzazi, ugonjwa au kumtunza jamaa. Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 2023 ya likizo ya familia yenye malipo, hadi wiki 12 kwa anayempokea mtoto, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Hizi ndizo mashine za kazi hii: sheria, vituo vya kulelea watoto vinavyofunguka kabla ya alfajiri, zamu zinazoisha saa zilizoandikwa. Hazina mvuto wa shujaa. Hata kifaa cha DeWall kilikuwa mirija tu.

Nimesikia pingamizi mbili dhidi ya fikra za namna hii, na zote zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza inatokana na ushindi. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika insha yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili, alimfikiria mchoraji aliyeiacha familia yake akaenda kisiwa cha mbali kutafuta sanaa, mfano alioujenga kwa jina la Gauguin. Akishakuwa mchoraji mkuu, ana cha kusema juu ya kuondoka kwake, akishindwa, hana. Wapo wanaoutumia mfano huo kwa wapasuaji. Barnard alirudi Cape Town na mashine ya moyo na mapafu, na tarehe 3 Desemba 1967 akapandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza duniani. Mwaka 1969 yeye na mkewe wa kwanza walitalikiana. Sababu za talaka ni za wenyewe, na sizichambui. Nauliza tu kama moyo uliodunda ndani ya kifua cha mgonjwa unaweza kufuta deni kwa mtu aliye nyumbani. Naona hauwezi. Ukiwa unadaiwa na watu wawili, kumlipa mmoja kwa ukarimu hakupunguzi hata senti ya mwingine. Ushindi hospitalini ni kheri ya kweli, na mgonjwa aliyepona ana haki ya kumshukuru daktari. Lakini mtoto aliyekua bila kumwona baba hawezi kuambiwa kwamba ameshalipwa, kwa kuwa aliyelipwa ni mtu mwingine.

Pingamizi ya pili ni ya kwetu zaidi, nayo ni nzito. Mapenzi hayaandiki daftari. Mama wa Brooklyn Park akisikia lugha ya deni na mlipaji atakasirika: nani alikuambia nakudai? Na atakuwa na haki. Familia inayohesabu kila usiku wa kukesha imeshakufa kabla ya kuvunjika. Ila tazama vizuri, pingamizi hii inamhusu anayetoa. Kwa sababu anayependa hahesabu, ni rahisi kumkausha bila yeye kulalamika. Wazazi waliolala kile kitanda wasingejihesabia damu yao. Ndiyo maana palihitajika daktari wa kuwahesabia mapigo. Anayetoa asihesabu. Anayepokea ndiye mwenye wajibu wa kuhesabu, na asipouona wajibu huo atayaita mapenzi ya wengine kipaji chake.

Tukishaanza kuhesabu kwa upande wa mpokeaji, tunagundua kwamba vitanda ni vingi. Msichana wetu akijifungua wakati wa mafunzo, huenda mtoto akalelewa na mwanamke mwingine mhamiaji kwa malipo ya saa, na huyo naye mtoto wake yuko na nani? Mama wa msichana wetu mwenyewe, alipokuwa amekwenda ng'ambo kufanya kile Watanzania wanachokiita kubeba maboksi, alimwacha mwanawe wa kwanza na bibi Kisii hadi karatasi zikamilike. Bibi yule hakuwahi kuiona Minneapolis, lakini saa zake zimo ndani ya shahada ya mjukuu. Deni hilo halimwamuru msichana achague fani gani. Halimwambii awe mpasuaji ili bibi ajivune, wala awe mama wa nyumbani ili kosa la kuachana lisirudiwe. Linamwambia jambo moja tu: asiongeze kitanda kingine kwenye mnyororo huo bila kumwomba atakayelala.

Hata wanahisabati walikutana na jambo hili la watu waliofungamana. Utaratibu unaozilinganisha orodha za wanafunzi na za hospitali unafuata fikra iliyothibitishwa na Gale na Shapley mwaka 1962: kila mtu akipanga matakwa yake peke yake, upo daima mgao ulio imara, ambao hakuna mwanafunzi na hospitali watakaotaka kuuvunja ili waende pamoja. Mwaka 1984 Alvin Roth alionyesha kwamba wakiingia wachumba wanaotaka mji mmoja, uthibitisho huo unaanguka. Mgao imara unaweza usiwepo kabisa. Baadaye alisaidia kuusuka upya utaratibu ili uwafae zaidi wachumba wanaounganisha orodha zao, na mwaka 2012 yeye na Shapley walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Hesabu ilikuwa safi kwa muda wote ilipomdhani kila mtu kuwa mmoja mmoja. Watu wawili waliofungamana waliiharibu, na jibu halikuwa kuwatenganisha. Jibu lilikuwa kuitengeneza hesabu upya iwakubali.

Basi msichana afanye nini? Aache kuuliza lipi lina uzito zaidi. Achukue karatasi aandike majina: nani ataamka na mtoto, usiku gani, kwa miaka mingapi, na tarehe ipi ya kufunguliwa. Kisha awaulize wenye majina hayo, kwa namna inayowaruhusu kukataa. Mama anaweza kusema ndiyo kwa miaka miwili na hapana kwa mitano. Mchumba naye aulizwe kazi yake ataipunguza kwa saa ngapi, maana swali hili la upasuaji au familia hupelekwa kwa wasichana, na wavulana wanaofunga orodha siku ile ile huulizwa tu wanataka mji gani. Mvulana ambaye hajawahi kuulizwa nani atalala kitanda chake cha pili hajachagua kwa uhuru zaidi. Amechagua bila kuona. Na hospitali zinazomhoji zijibu pia: waliojifungua hapa mafunzoni walirudi kazini baada ya muda gani, na zamu zao alizishika nani?

Majina yakipatikana na wenyewe wakisema ndiyo, aende akawe mpasuaji, na asimwombe mtu yeyote radhi kwa kuipenda kazi yake. Wasipopatikana, na akachagua fani nyingine, asiambiwe ameogopa, na asijidanganye kwamba hakupoteza kitu. Amepoteza kazi aliyoipenda, na ana haki ya kuisikitikia. Ila hasara hiyo isiandikwe jina lake peke yake. Nyumba zilizokosa mtu wa kumsaidia na hospitali zilizodhani yupo zina sehemu yao ndani yake, na ndizo zenye uwezo wa kuhakikisha binti anayefuata haulizwi swali hilo hilo.